Spirulina: kabla hujanunua, uliza ilikuzwa wapi

Wanaoniletea maabara unga wa spirulina, viumbe vidogo vya majini vilivyokaushwa, huuliza kama kweli una protini. Unayo, tena nyingi: asilimia 55 hadi 70 ya uzito wake mkavu. Ila kijiko cha chakula kina gramu 7 tu za unga, na humo protini ni gramu 4 hivi. Yai moja lina 6. Anayekuuzia unga huu badala ya maharage anakuibia mchana kweupe.

Swali ninalolingoja ni kwamba ulikuzwa wapi. Spirulina huitwa mwani, ingawa ni bakteria anayejitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, na hupenda maji ya magadi. Heroe (flamingo), ndege wa maziwa ya Bogoria na Nakuru nchini Kenya, huishi kwa kumla, na wekundu wa manyoya yao hutokana naye. Kandokando ya Ziwa Chad, wanawake wa Kikanembu humchota, humkausha juani juu ya mchanga, kisha humtia kwenye mchuzi.

Shida ni jamaa zake. Utando wa kijani unaouona Ghuba ya Winam ya Ziwa Viktoria, pale Kisumu, mara nyingi ni Microcystis, ambaye hutoa sumu ya maikrosistini. Sumu hiyo hushambulia ini, na kuichemsha hakusaidii. Hata magadi si kinga kamili: sumu za jamaa hawa zimewahi kukutwa ndani ya heroe waliokufa Bogoria. Kwa hiyo mimi naamini bwawa la kufugia linalopimwa, siamini ziwa. Muuzaji asiye na cheti cha vipimo vya maikrosistini na metali nzito, mwache na unga wake.

Wasiokula nyama wasiitegemee kwa vitamini B12. Iliyomo kwa sehemu kubwa ni ya bandia, mwili hauwezi kuitumia.

Na ukijipaka usoni, je, hufuta makunyanzi? Tia unga kidogo kwenye glasi ya maji baridi uache saa kadhaa. Maji yatageuka buluu, na ukiyaelekeza juani yatametameta wekundu. Hiyo ni fikosianini, protini inayosifiwa kwenye makopo ya krimu. Ni molekuli kubwa mno kupenya ngozi iliyo nzima, kwa hiyo madai ya kufuta makunyanzi hayanishawishi. Ukipenda kujipaka, koroga ya siku hiyo tu na inayobaki uimwage: protini iliyoloweshwa huoza upesi, na bakteria watakaoota humo hutawataka karibu na macho.