Je, zamani watu walizeeka wakiwa na miaka 35?

Wengi tumekua tukiamini kwamba zamani, hasa vijijini, mtu akifika miaka 35 au 40 alikuwa tayari mzee. Imani hiyo ina chanzo chake: wastani wa umri wa kuishi ulikuwa mdogo kweli.

Ila wastani huo huhesabu kila aliyezaliwa, na watoto waliofariki wakiwa wachanga walikuwa wengi mno. Chukua ndugu wanne: wawili wafariki kabla ya kutimiza mwaka, wawili wafike miaka 70. Wastani wao ni kama 35, na hakuna hata mmoja aliyefariki katika umri huo. Aliyevuka utoto alikuwa na nafasi nzuri ya kuona wajukuu, ingawa uzazi, njaa na maradhi viliwaondoa wengi mapema.

Ukitaka kuhakikisha, nenda makaburini na daftari. Andika miaka iliyochongwa kwenye kila jiwe la zamani, kisha watenge waliovuka miaka 15 uone walifikia wapi. Makaburi ya wachanga mara nyingi hayana jiwe, kwa hiyo waulize wakongwe wa ukoo majina ya watoto ambao hawakukua. Kwangu mimi, hao ndio wa kuandikwa kwanza.