Jiokashingi ni nini, na kwa nini mara nyingine polisi wanaitwa

Kwa ufupi jiokashingi (geocaching kwa Kiingereza) ni kombolela ya watu wazima inayochezwa na simu, ila anayejificha sio mtu, ni kopo. Mtu anachukua kopo lisiloingiza maji, anatia ndani kidaftari na penseli na vitu vidogo vidogo vya kubadilishana, analificha mahali, labda kwenye tundu la mti au nyuma ya jiwe au chini ya benchi la bustani, afu anapandisha koodineti, yaani namba zinazoonesha pale mahali kwenye ramani, kwenye tovuti ya mchezo. Wewe unaziingiza kwenye simu unazifuata, na ukifika karibu GPS, ule mfumo wa setilaiti unaoiambia simu uko wapi, imeshamaliza kazi yake maana inakuleta mita kadhaa tu kutoka kwenye kopo, hapo sasa ni macho na mikono yako. Ukilipata unaandika jina na tarehe kwenye daftari, ukichukua kitu unaacha kingine chenye thamani hiyohiyo au zaidi, unalirudisha palepale ulipolikuta. Hela hakuna, raha ni kutafuta na kufika sehemu ambazo usingefika.

Mchezo ulianza kwa sababu moja tu. Mpaka mwaka 2000 Marekani walikuwa wanachafua signali ya GPS ya raia makusudi, kifaa kinaweza kukosea hata mita 100, kwa hiyo kopo usingelipata kamwe. Serikali ya Bill Clinton ikaondoa ule uchafuzi mwanzoni mwa Mei 2000, na tarehe 3 Mei jamaa anaitwa Dave Ulmer akaficha ndoo nyeusi porini karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, ndani kukiwa na vitabu, kombeo na kopo la maharage, akatangaza koodineti kwenye intaneti, na siku chache baadaye Mike Teague akaipata. Septemba mwaka huohuo Jeremy Irish akafungua tovuti ambayo ndo kubwa mpaka leo, na sasa hivi makopo duniani ni zaidi ya milioni 3, hata Kenya na Tanzania yapo.

Sasa tuje kwenye polisi. Angalia makopo yenyewe kwanza. Kuna vya ukubwa wa ncha ya kidole vyenye sumaku, kuna vikopo vya filamu za kamera za zamani, wengi wanavizungushia utepe mweusi au wa rangi za majani ili visionekane, afu kuna lile sanduku la chuma la kijani la jeshi la kuwekea risasi ambalo wachezaji wanalipenda sana maana mvua haipenyi. Halafu mchezo wenyewe unakufundisha usionekane, kwa sababu wasiojua wakikuona watalitoa walibebe au walitupe. Kwa hiyo mtu anafika, anaangalia kulia na kushoto, anajifanya anaongea na simu, anainama anapeleka mkono chini ya benchi, anatoa kitu kimefungwa utepe, anahangaika nacho dakika mbili, anakirudisha, anaondoka bila kugeuka nyuma. Wewe uko dirishani ng'ambo ya barabara hujawahi kusikia habari za mchezo huu, utafikiria nini?

Ndo kilichotokea Wetherby, mji mdogo wa West Yorkshire, Uingereza, Julai 2011. Mtu wa mgahawani aliona mwanaume anahangaika na kiboksi cha plastiki nje, karibu na maua, afu akaondoka, akapiga simu polisi. Watu wakaondolewa, barabara ikafungwa, wakaja wategua mabomu wa jeshi, na kile kiboksi kikalipuliwa pale katikati ya mji, kumbe ni kidaftari na vitu vya kuchezea. Mimi hapo sioni kosa la polisi hata kidogo wala la aliyepiga simu, London ilikuwa imelipuliwa Julai 2005 na watu walikuwa wameambiwa miaka yote wakiona kitu kisichoeleweka watoe taarifa. Na sisi tulioishi na habari za tarehe 7 Agosti 1998, balozi za Marekani za Nairobi na Dar kulipuliwa siku moja, afu shambulio la Westgate 2013, tunaelewa vizuri kwa nini mlinzi akiona mfuko hauna mwenyewe anashtuka.

Mzigo uko kwa anayeficha. Sheria za mchezo zipo wazi na kila kopo jipya linapitiwa na wakaguzi wa kujitolea kabla halijatangazwa, inatakiwa upate ruhusa ya mwenye eneo, usichimbie ardhini kama hajakubali, usiweke karibu na shule wala kambi ya jeshi wala uwanja wa ndege, reli ukae mbali, Marekani kwa kawaida mita 46, na kwa nje uandike kabisa hiki ni kitu cha mchezo. Sanduku la risasi unafuta maandishi ya jeshi. Na mjini mimi ningesema tumia kopo linaloonesha ndani, nusu ya hofu inaisha hapohapo maana mtu anaona daftari. Tatizo mkaguzi anaona ramani tu, yuko mbali, kama umemdanganya kuhusu ruhusa hana pa kujua.

Kuna jambo lingine halipendezi kulisema lakini ni kweli, kuinama kwenye kichaka cha mtaa wa watu hakuchukuliwi sawa kwa kila mtu. Wachezaji weusi wa Marekani wameeleza waziwazi jinsi wanavyosimamishwa na kuhojiwa wanafanya nini pale, kuna makopo wanayaacha kabisa kwa sababu ya mtaa yalipo, na hilo sheria ya mita 46 hailitatui.

Ukisimamishwa usikimbie wala usitie mkono mfukoni ghafla, simama, mikono ionekane, sema unacheza mchezo na uombe ruhusa kwanza ndo uoneshe simu yenye ramani. Na wewe usiyecheza ukikuta kopo limeandikwa la jiokashingi, mahali pa kawaida, liache palepale kuna mtu analitafuta. Likiwa halina maandishi na liko sehemu nyeti kama kituo cha basi au nje ya ubalozi, usiliguse, sogea mbali upige 112.