Injini na giaboksi ya otomatiki kwa gari la michezo la kujiundia: yanayosemwa na yaliyo kweli

Anayejiundia gari la michezo hupewa ushauri mwingi kabla hajachomelea hata bomba la kwanza la chesisi. Karibu wote ni wa injini. Giaboksi hutajwa mwishoni, na kwa mtu anayetaka otomatiki hapo ndipo miradi inapokwama. Kwa hiyo naanzia hapo.

"Nunua injini kwanza, giaboksi utaitafuta baadaye"

Hivi viwili huchaguliwa siku moja, na ikiwezekana hutolewa kwenye gari moja. Giaboksi ya mkono haina makuu: ikishika vizuri kwenye bloku na klachi ikaachia sawasawa, itafanya kazi. Otomatiki yenye kompyuta hutaka kujua kasi ya injini, umekanyaga mafuta kiasi gani, joto la oili na kasi ya shafti inayotoka nyuma. Habari nyingi kati ya hizo huzipata kwenye kompyuta ya injini, nayo kompyuta hiyo hupunguza nguvu ya injini kwa sehemu ndogo ya sekunde wakati gia inabadilika. Ukiwatenganisha wawili hao, gia huingia kwa kishindo, au giaboksi hujilinda kwa kukuachia gia moja tu.

Mfano mzuri ni 1UZ-FE, V8 (injini ya silinda nane) ya Toyota ya lita 4.0 iliyoanza na Lexus LS 400 mwaka 1989. Bloku yake ni ya aluminiamu, na nyuma yake kiwandani ilifungwa otomatiki ya gia nne iliyolala kwa urefu, vile vile unavyoihitaji kwenye gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma. Ukiipata, chukua vyote: konvata (kifaa cha oili kinachokaa kati ya injini na giaboksi, mahali pa klachi), kompyuta, sensa, leva ya gia, na waya zikiwa nzima hadi plagi ya mwisho. Injini iliyokatwa waya karibu na bloku ni rahisi siku ya kuinunua tu. Baada ya hapo utatumia wiki nzima kutafuta waya mmoja wa sensa ya kasi.

"Basi nichukue ya zamani isiyo na kompyuta, hiyo haina masharti"

Ina masharti, ila ni ya chuma. Chukua giaboksi ya otomatiki ya 700R4 ya General Motors, iliyotoka mwaka 1982. Ina kebo inayotoka kwenye kabureta hadi ndani ya giaboksi, na wengi hudhani kazi yake ni kuchagua wakati wa kubadilisha gia tu. Kebo hiyo ndiyo inayoongoza pia shinikizo la oili linalobana sahani za klachi za ndani. Ikilegea, sahani huteleza na kuungua baada ya safari fupi mno. Ukibadilisha kabureta, pima upya mvuto wa kebo kabla ya kuliwasha gari, si baada ya kusikia harufu.

"Konvata ni konvata"

Hili naliona ndilo kosa linaloumiza kuliko yote, kwa sababu halionekani kwa macho. Konvata hutengenezwa kulingana na nguvu ya kuzungusha ya injini yake na uzito wa gari lake. Ile iliyozoea V8 yenye nguvu nyingi ukiifunga nyuma ya injini ndogo ya silinda nne, inaibana injini kwenye mizunguko ya chini kabisa, mahali ambapo haina pumzi, na gari huondoka kwa uvivu. Watu hulaumu injini.

Kuna na kosa la kufunga. Konvata lazima iingie hadi mwisho, ishike pampu ya giaboksi, ndipo injini isogezwe. Ikikaa vizuri, utabaki na mwanya wa takriban milimita 3 hadi 5 kati yake na sahani ya flaiwili (ile inayozunguka nyuma ya injini) kabla ya kukaza bolti. Kama hakuna mwanya na unatumia bolti kuvivuta vikutane, pampu inavunjika hapo hapo.

"Otomatiki si ya gari la michezo"

Mwaka 1966 gari la mbio la Chaparral 2D lilishinda mbio za kilomita 1000 za Nürburgring, Ujerumani, mikononi mwa Phil Hill na Jo Bonnier, likiwa na konvata mahali pa klachi. Gia walichagua kwa mkono, lakini mguu wa kushoto ulikuwa huru kwa breki. Siku hizi otomatiki ya ZF 8HP, iliyoanza mwaka 2009, ina gia nane, na klachi iliyo ndani ya konvata hufunga mapema, hivyo utelezi wa konvata karibu wote hubaki kwenye kuondoka tu.

"Injini kubwa ndiyo kasi"

Gari la kilo 550 lenye nguvu farasi 130 lina farasi 236 kwa kila tani. Gari la kilo 1,500 lenye farasi 300 lina 200. Kila kilo unayoongeza mbele hulipwa na breki, springi na usukani.

"Injini ya gari linalovutwa na magurudumu ya mbele haifai"

Inafaa, ikihamishiwa nyuma ya viti pamoja na giaboksi yake. Fiat X1/9 ya mwaka 1972 na Toyota MR2 ya mwaka 1984 zilijengwa kwa wazo hilo, na MR2 ilipatikana hata kwa otomatiki.

"Difu yoyote itafaa"

Piga hesabu. Tairi lenye mzingo wa mita 1.9 huzunguka mara 877 kwa dakika kwenye kilomita 100 kwa saa. Difu yenye uwiano wa 4.1 na gia ya juu ya 0.70 huipa injini mizunguko kama 2,500. Difu ya 3.0 na gia ya 0.67 huipa kama 1,760, na injini ndogo inayopenda kuzunguka haitapumua hapo.

"Rejeta ya injini itapoza na giaboksi"

Rejeta nyingi ndogo hazina njia ya oili ya giaboksi ndani yake. Konvata inapoteleza hugeuza nguvu kuwa joto, na gari dogo lililozibwa chini lina hewa kidogo ya kulichukua. Weka kipozeo cha pekee mbele, penye upepo, na sensa ya joto kwenye bomba linalotoka.

"Ikigusa chini, nitakata sampu"

Otomatiki ni pana kuliko giaboksi ya mkono, na sampu yake, yaani bakuli la oili lililo chini yake, hushuka chini. Lakini ndani ya sampu kuna filta inayofyonza oili. Ukiipunguza kina, oili hukimbilia pembeni kwenye kona, filta hufyonza hewa, na shinikizo huanguka. Weka giaboksi yenyewe ndani ya chesisi, kalia kiti, tia miguu kwenye pedali, kisha ndipo upime handaki (nafasi ya giaboksi katikati ya sakafu) na kukata bomba.