Je, wajua kwa nini kugawanya kwa sifuri hakuiangushi kila programu ya C?

Chukua programu ndogo ya C yenye mistari miwili: wa kwanza unagawanya namba kamili 1 kwa namba kamili 0, na wa pili unagawanya 1.0 kwa 0.0. Kwenye kompyuta yenye prosesa ya Intel au AMD na mfumo wa Linux, mstari wa kwanza kwa kawaida huiua programu papo hapo, na kwenye skrini hubaki maneno "Floating point exception". Ukiufuta mstari huo na kuuacha wa pili peke yake, programu inaendelea kana kwamba hakuna lililotokea, na jibu linalochapishwa ni "inf", yaani kisicho na kikomo. Kichekesho ni kwamba ujumbe wa kifo unazitaja namba za nukta elea, zile zenye sehemu ya desimali, ilhali aliyekosea ni namba kamili, na hizo zinazosingiziwa ndizo zilizovumilia.

Uvumilivu huo ulipangwa. Mwaka 1985 kilitolewa kiwango kiitwacho IEEE 754, ambacho William Kahan wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alikuwa mhimili wake mkuu, na kazi yake katika hesabu za aina hii ilimpatia Tuzo ya Turing mwaka 1989. Kiwango hicho kinataja matukio matano yanayoweza kuikumba hesabu: operesheni isiyo halali, kama vile kutafuta kipeuo cha pili cha -1. Kugawanya kwa sifuri. Kufurika, pale jibu linapozidi ukubwa unaoweza kuhifadhiwa, ambao kwa aina ya double, yaani namba ya nukta elea ya biti 64, ni takribani 1.8 × 10³⁰⁸. Kudidimia, pale jibu linapokuwa dogo mno. Na kutokuwa kamili, pale jibu linapolazimika kukadiriwa. Hilo la mwisho hutokea karibu kila mara, kwani hata 1.0 ikigawanywa kwa 3.0 haiwezi kuandikwa kikamilifu, na kwa hiyo ni nadra sana mtu kulifuatilia.

Tukio lolote kati ya hayo likitokea, prosesa hufanya mambo mawili bila kuisimamisha programu. Kwanza hutoa jibu la kushikilia nafasi, kama inf, au NaN ambayo maana yake ni "si namba". Pili hupandisha bendera, ambayo kwa hakika ni biti moja tu ndani ya rejista maalumu, yaani kihifadhi kidogo kilicho ndani ya prosesa, na bendera ikishapandishwa haishuki yenyewe hata zikifuata hesabu milioni moja zisizo na dosari. Ni juu ya mwandishi wa programu kwenda kuitazama, na tangu toleo la mwaka 1999 lugha ya C imempa nyenzo za kufanya hivyo katika faili ya fenv.h: feclearexcept hushusha bendera, na fetestexcept huuliza zipi zimepanda.

Tuone faida yake kwa hesabu ya Pythagoras. Tunatafuta urefu wa hipotenusi kwa sqrt(x*x + y*y), ambapo x ni 3e200, yaani 3 × 10²⁰⁰, na y ni 4e200. Jibu sahihi ni 5e200, namba inayoenea vizuri katika double, lakini njiani x*x inataka kuwa 9e400, inafurika, na mwisho tunapewa inf. Dawa ni hii:

feclearexcept(FE_ALL_EXCEPT);
r = sqrt(x*x + y*y);
if (fetestexcept(FE_OVERFLOW | FE_UNDERFLOW))
    r = njia_ya_polepole(x, y);

Njia ya polepole, ambayo ni fanksheni utakayoiandika mwenyewe, inagawanya kwanza namba zote mbili kwa ile kubwa, hivyo 4e200 inazidishwa kwa kipeuo cha pili cha 1 + 0.75², ambacho ni 1.25, na 5e200 inapatikana. Nimeiweka bendera ya kudidimia kwa makusudi, kwa sababu naiona ni hatari kuliko kufurika: x ikiwa 3e-200 na y ikiwa 4e-200, jibu linatoka sifuri, na sifuri haimshtui mtu kama inavyomshtua inf.

Kuna tahadhari moja kuhusu kompaila, programu zinazoigeuza lugha ya C kuwa amri za prosesa. Baadhi yake hupiga hesabu za namba zisizobadilika mapema, kabla programu haijaendeshwa, hivyo bendera unayoisubiri haipandi kamwe. Chaguo la -ffast-math ni baya zaidi, kwa kuwa linaiambia GCC, mojawapo ya kompaila hizo, ichukulie kwamba inf na NaN hazipo kabisa, na kwa hiyo hata ukaguzi wako wa isnan, unaouliza kama jibu ni NaN, unaweza kufutwa kimyakimya.

Wapo wanaosema ni heri programu ife kuliko kuendelea na jibu la uongo. Hoja hiyo ina uzito, lakini tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 iliporushwa kutoka Kourou, Guyana ya Kifaransa, programu yake, iliyoandikwa kwa lugha ya Ada, ilijaribu kuigeuza namba ya nukta elea ya biti 64 kuwa namba kamili ya biti 16, ambayo haivuki 32,767. Namba haikuenea, hapakuwa na sehemu ya programu iliyoandaliwa kulishughulikia tukio hilo, kompyuta ya mwelekeo ikajizima, na roketi ikaangamia kabla ya dakika moja kwisha. Hesabu yenyewe haikuwa na kazi yoyote baada ya roketi kupaa.

Hata hivyo, wakati wa kusaka kosa, kusimama papo hapo kunasaidia sana. Maktaba ya GNU inayo feenableexcept, ambayo huligeuza tukio kuwa mtego: mfumo unatuma ishara ya SIGFPE, na gdb, programu ya kusaka makosa, inasimama penye mstari wenye kosa. Ukiishika ishara hiyo mwenyewe, usirudi kutoka kwenye fanksheni yako kwa return, kwa sababu amri ileile itarudiwa na kukunasa tena bila mwisho. Toka kwa siglongjmp, inayoruka hadi sehemu nyingine ya programu uliyoiandaa. Tena ukague jibu la feenableexcept yenyewe, kwani prosesa nyingi za ARM hazina mitego hiyo, na huko fanksheni hurudisha -1.