Maana ya Kufundisha kwa Kupitia Ujasiriamali

Mbinu za kufundishia na kujifunzia ujasiriamali ni njia ambazo mwalimu na mwanafunzi huzitumia ili mwanafunzi apate maarifa, stadi na mwelekeo wa mtu anayeweza kubuni shughuli yenye thamani na kuisimamia. Wataalamu wa elimu hii wamezoea kuzigawa kwa kuangalia lengo la somo: kufundisha kuhusu ujasiriamali, kufundisha kwa ajili ya ujasiriamali, na kufundisha kwa kupitia ujasiriamali. Makala haya yanaeleza zaidi mbinu ya tatu, kwa kuwa ndiyo inayotajwa sana na kueleweka kidogo.

Kufundisha kuhusu ujasiriamali ni kuuchukulia kama somo lolote lingine, lenye nadharia, historia na mtihani. Kozi ambayo hutajwa kuwa ya kwanza ya namna hiyo ilifundishwa na Myles Mace katika Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani mwaka 1947, na hadi leo vyuo vingi huanzia hapo.

Kufundisha kwa ajili ya ujasiriamali humwandaa mtu kuanzisha biashara: anajifunza kuweka hesabu, kupanga bei na kuandika mpango wa biashara. Semina nyingi zinazoendeshwa Mwanza kwa vikundi vya akina mama na vijana zina lengo hili, ingawa mara nyingi kinachofundishwa ni kutengeneza sabuni ya maji, batiki au keki. Stadi hizo ni nzuri, lakini kwa hakika ni ufundi; mtu anaweza kutoka semina akijua vizuri kukoroga sabuni na asijue ni nani mtaani kwake atakayeinunua, kwa bei gani, na kwa nini aiache ile ya dukani. Hata mpango wa biashara ulioandikwa vizuri husimama juu ya hali iliyopo siku ulipoandikwa. Kwa miaka mingi abiria na madereva waliosubiri kivuko kati ya Kigongo na Busisi, mkoani Mwanza, walikuwa wateja wa uhakika wa wauza chakula na vinywaji. Daraja lenye urefu wa kilomita 3 hivi lilipofunguliwa Juni 2025, magari yakawa yanapita bila kusimama. Muuzaji aliyekariri mpango hana jibu la jambo hilo, ilhali aliyezoea kuyasoma upya mazingira yake anaweza kulitafutia jibu.

Mazoea hayo ya kusoma mazingira ndiyo yanayolengwa na mbinu ya tatu, ambayo humweka mwanafunzi ndani ya shughuli halisi yenye maamuzi na athari halisi. Tuchukue mfano wa kikundi cha wanafunzi wanaokabidhiwa shilingi 100,000 na kuruhusiwa kununua dagaa wabichi kwenye mwalo, yaani ufukweni ambako wavuvi hushushia samaki, kuwaanika na kuwauza. Papo hapo wanakutana na mambo ambayo ubao hauwezi kuyaonyesha. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo mbalamwezi inapowaka uvuvi hupungua na bei hubadilika. Wakiwaanika mchangani gharama ni ndogo, lakini mchanga huingia na mlaji hulalamika. Wakiwaanika kwenye vichanja watapata dagaa safi, ila mbao na nyavu zinahitaji fedha. Mvua ikinyesha kabla hawajakauka, sehemu ya mzigo huharibika na kuuzwa kwa bei ya chini kama chakula cha kuku.

Hata hivyo, kuanika dagaa peke yake hakujawa somo. Kama kungekuwa somo, kila mchuuzi wa dagaa wa Kirumba, jijini Mwanza, angekuwa na shahada. Mtaalamu wa elimu David Kolb, katika maelezo yake ya mwaka 1984 kuhusu kujifunza kutokana na uzoefu, alionyesha mzunguko wa hatua nne: kupata uzoefu wenyewe, kuutafakari, kuunda kanuni kutokana na tafakuri hiyo, kisha kuijaribu kanuni katika hali mpya. Kwa wanafunzi wetu, hatua ya pili ni kukaa na daftari la hesabu na kuulizana kwa nini walinunua siku ile badala ya kusubiri. Walimu wengi huiruka kwa sababu muda umekwisha au kwa sababu faida imepatikana na kila mtu amefurahi.

Kiasi cha mtaji nacho kina maana yake. Saras Sarasvathy, aliyechunguza namna wajasiriamali wazoefu wanavyofikiri na kuchapisha hoja zake mwaka 2001, alieleza kuwa wao huanza na walicho nacho, yaani wao ni nani, wanajua nini na wanamjua nani, kisha hujiuliza ni hasara kiasi gani wanaweza kuimudu. Mwanafunzi ambaye mjomba wake ana mtumbwi Igombe, ufukweni mwa ziwa, tayari ana rasilimali, hata kama hana senti mfukoni.

Wazo hili si geni kwetu. Sera ya Elimu ya Kujitegemea ya Tanzania ya mwaka 1967 ilitaka shule ziwe na mashamba, na ilisisitiza kwamba wanafunzi washiriki kupanga na kuamua matumizi ya mapato. Katika shule nyingi jembe lilibaki na uamuzi ukahamia ofisini, na hapo mwanafunzi akawa kibarua. Mwalimu anayefundisha kwa kupitia ujasiriamali hana budi kuwaachia wanafunzi uamuzi, akauliza maswali na kulinda usalama wao, hata anapoona wazi kwamba wanakaribia kununua ghali.

Tathmini nayo hubadilika. Alama zikitolewa kwa faida, kikundi kilichobahatika kupata jua kitakishinda kile kilichonyeshewa, ingawa hicho cha pili huenda ndicho kilichojifunza zaidi. Kinachofaa kupimwa ni daftari la hesabu, sababu za kila uamuzi, na kile ambacho kikundi kilibadilisha kiliponunua kwa mara ya pili.