Bembezi za Kijadi Zina Wenyewe: Ufafanuzi kwa Wazazi, Walimu na Watayarishaji wa Video za Watoto

Ofisi yetu ya utamaduni katika kaunti imeendelea kupokea malalamiko ya namna mbili kuhusu nyimbo za watoto. Ya kwanza ni ya wazazi na walimu wa chekechea ambao hupakia mtandaoni video wakiimba howa (bembezi, yaani wimbo wa kumbembeleza mtoto alale) au Ukuti Ukuti, kisha wakapokea taarifa kwamba wimbo huo unadaiwa na kampuni wasiyoijua. Ya pili, ambayo inatusikitisha zaidi, ni ya kina bibi waliorekodiwa na wageni na baadaye wakaisikia sauti yao katika katuni zinazoingiza fedha, bila jina la kijiji wala la jamii yao kutajwa popote.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 11, inalitaka Bunge litunge sheria ya kuhakikisha kwamba jamii zinapata fidia au mrabaha (malipo anayopewa mwenye kazi kila inapotumiwa) utamaduni wao unapotumiwa. Sheria ya Ulinzi wa Maarifa ya Kijadi na Maonyesho ya Kitamaduni ya mwaka 2016 ilitungwa kutimiza wajibu huo, na inazitaja waziwazi nyimbo miongoni mwa vitu vinavyolindwa. Ulinzi wake hauna ukomo wa miaka. Unadumu maadamu wimbo unaendelea kuwa sehemu ya utambulisho wa jamii husika, na wala hautegemei usajili wowote.

Hapo ndipo dhana potofu inayotuchosha zaidi inapoanguka, nayo ni ile isemayo kwamba wimbo usiojulikana mtunzi wake hauna mwenyewe, kwa hiyo wa kwanza kuurekodi ndiye anayeumiliki. Hilo si kweli, na limeelezwa mara nyingi. Mtayarishaji anayerekodi bembezi hupata haki juu ya rekodi yake, ambayo kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 hudumu miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka ambao rekodi ilifanywa, na anaweza kupata haki juu ya yale aliyoyaongeza kwa ubunifu wake, kama mpangilio mpya wa ala au ubeti alioutunga mwenyewe. Maneno na mahadhi aliyoyakuta kwa bibi hayageuki kuwa mali yake, na mzazi anayeuimba wimbo uleule kwa sauti yake mwenyewe hajamwibia mtu.

Kisa kinachoonyesha vizuri namna mambo yanavyoharibika kinatoka Visiwa vya Solomon, katika kisiwa cha Malaita. Mtafiti wa muziki Hugo Zemp alimrekodi huko mwanamke wa jamii ya Wabaegu aitwaye Afunakwa akiimba bembezi iitwayo Rorogwela, ambamo yatima anamtuliza mdogo wake anayelia baada ya wazazi wao kufariki, na mwaka 1973 rekodi hiyo ikatolewa katika mfululizo wa santuri za UNESCO. Mwaka 1992 kikundi cha Deep Forest cha Ufaransa kilichukua sauti hiyo ya Afunakwa, kikaiwekea midundo ya kompyuta na kuuza wimbo uliopata umaarufu duniani kote. Zemp baadaye aliandika kwamba hakuwa ametoa ruhusa. Mwaka 1996 mpiga saksafoni Jan Garbarek wa Norwei alirekodi mahadhi yayo hayo kwa jina linaloyahusisha na Wambilikimo wa Afrika ya Kati, watu wanaoishi bara jingine kabisa. Kilio cha yatima wa Malaita kikawa muziki wa kustarehesha, na hata nchi yake ikapotea. Tunaposisitiza jamii itajwe, wapo wanaotuona kama watu wa kupenda makaratasi, lakini jina likishapotea hakuna njia ya mrabaha kumfikia anayestahili.

Njia iliyo sawa haina ugumu. Kwanza, anayetaka kuitumia bembezi kibiashara nje ya mazingira yake ya kijadi hupaswa kupata idhini ya jamii mapema, baada ya kuieleza kwa lugha inayoeleweka wimbo utatumika wapi, kwa muda gani na utaingiza fedha kwa njia zipi. Idhini ya mwimbaji mmoja haitoshelezi, kwa kuwa bibi anaweza kuruhusu sauti yake lakini hana mamlaka ya kuutoa wimbo wa jamii nzima. Makubaliano yaandikwe, mgawanyo wa mapato utajwe, na chanzo cha wimbo kionekane katika video yenyewe. Maneno nayo yasipotoshwe. Bembezi nyingi za Pwani hubeba manung'uniko ya mama, safari ya baba, hata tishio la fisi au zimwi kwa mtoto asiyelala, na kuyafuta yote ili wimbo upendeze sokoni ni jambo ambalo wenye wimbo wana haki ya kulipinga.

Anayekiuka anaweza kushtakiwa kwa jinai. Katika madai, mahakama inaweza kumzuia asiendelee, kumwamuru alipe fidia, atoe hesabu ya faida aliyopata, aombe radhi hadharani na arekebishe maelezo ya uongo kuhusu umiliki, na inaweza pia kuamuru vitu vilivyotengenezwa kinyume cha sheria vikamatwe.

Hata hivyo, tunaombwa mara kwa mara kibali na watu wasiokihitaji. Mama anayembembeleza mwanawe, yaya anayeimba bembezi na mwalimu anayewachezesha watoto mduara hawahitaji barua ya ofisi yoyote, kwa sababu sheria inalinda matumizi ya kawaida ndani ya jamii na inaruhusu ufundishaji usio wa kibiashara. Waimbe tu, na waimbe zaidi.

Usajili, ambao hufanywa kupitia serikali za kaunti huku Bodi ya Hakimiliki ya Kenya (KECOBO) ikitunza hifadhi ya kidijitali ya kitaifa, hauleti haki mpya bali husaidia ushahidi. Tunashauri wazee walete sauti iliyorekodiwa, maneno katika lugha ya asili, maelezo ya wakati na mahali wimbo unapoimbwa, jina la aliyewafundisha, na tofauti zote wanazozijua. Ukuti Ukuti, kwa mfano, hubadilika maneno kutoka mji hadi mji, na jamii mbili zikiuleta wimbo mmoja tunaziandika zote mbili.

Kwa mzazi aliyepokea dai kwenye YouTube, hakikisha kwanza kwamba umeimba mwenyewe na kwamba rekodi ya mtu mwingine haisikiki nyuma yako. Ikiwa ndivyo, wasilisha pingamizi ukieleza kwamba wimbo ni wa kijadi na sauti ni yako. Mdai ana siku 30 za kujibu, na asipojibu dai huondolewa. Akishikilia dai lake, unaweza kukata rufaa, na hapo tuletee nakala ya taarifa uliyopokea pamoja na video yenyewe, ili tuilinganishe na bembezi zilizokwisha kuandikwa katika kaunti.