Kuchezea timu ya vijana ya Burundi hakumfungi mchezaji maisha

Imani hii ni ya siku nyingi: kijana akivaa jezi ya Burundi ya chini ya miaka 17, basi hawezi tena kuchezea nchi nyingine. Si kweli, na wazazi wengi huogopa bure. Mechi ya kirafiki haimfungi mtu. Kukaa benchi pia hakumfungi. Lazima aingie uwanjani, tena katika mashindano rasmi. Hata hapo, FIFA, shirikisho la soka duniani, huweza kumruhusu kubadili nchi, ila mara moja tu maishani.

Saido Berahino, mzaliwa wa Bujumbura, alichezea timu za vijana za Uingereza hadi ile ya chini ya miaka 21. Novemba 2014 aliitwa timu ya wakubwa, hakuchezeshwa. Mwaka 2018 akaanza kuichezea Burundi, na 2019 alikuwa nayo AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika.

Jambo la kuangalia ni tarehe ya uraia. Ni rahisi zaidi ikiwa siku ya mechi yake rasmi ya kwanza ya vijana, mchezaji alikuwa tayari na uraia wa nchi anayotaka kuhamia. Akiupata baadaye, tangu 2020 ombi laweza kukubaliwa ikiwa hakuwa ametimiza miaka 21 alipocheza mechi rasmi ya mwisho ya nchi ya kwanza, na ana uhusiano na nchi mpya unaotakiwa na FIFA, kama vile kuzaliwa huko yeye au mzazi wake. Kwa hiyo tunzeni nyaraka zenye tarehe, kwani ombi hupelekwa FIFA kwa maandishi.